Kumfuata Mbayuwayu Buluu Kitulo

Mwishoni mwa Januari, mvua zikiwa zimekolea Nyanda za Juu Kusini, niliondoka Mbeya alfajiri kwa basi dogo kutoka stendi ya Nane Nane, nikiwa na darubini ya kuazima, koti la mvua na maandazi manne. Wakati huo wengi huenda Kitulo kutazama maua, na hawana kosa, kwani kati ya Novemba na Aprili uwanda ule huchanua kiasi kwamba wenyeji waliuita Bustani ya Mungu. Mimi nilimfuata ndege mmoja tu.

Pale Chimala nilipata nafasi kwenye gari lililobeba mbolea na abiria, likaanza kukwea ukuta wa mlima wenye kona 57. Nilizihesabu hadi ishirini na kitu nikapotea, na mama aliyeketi juu ya kiroba akanishauri, "Acha kuhesabu, mwanangu, utatapika bure." Nyuma yetu bonde la Usangu liling'aa kwa maji ya majaruba ya mpunga, kisha ukungu ukalifunika.

Matamba nilipokelewa na kijana mwongozaji, tukaendelea kwa pikipiki hadi hifadhini. Kitulo, yenye kilomita za mraba zipatazo 413, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sehemu kubwa ya uwanda wake iko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata katika miezi ambayo Dar es Salaam watu hulala na feni, huku vidole vinakufa ganzi.

Ndege wa kwanza kutulipa alikuwa tandawala. Alitembea taratibu kwenye nyasi, shingo yake ya rangi ya kutu ikiwa wima, kama mwalimu wa zamu anayekagua mistari. Kisha akasimama na kuijaza hewa koo yake, ikatuna kama mfuko mweupe unaoonekana kutoka mbali sana. Ndivyo dume wao anavyowatangazia majike kuwa yupo. Kando ya kijito madume ya kweche wa milimani, weusi, waliruka chini chini wakiburuza mikia mirefu iliyowalemea kila upepo ulipovuma. Katika vichaka tulimsikia pia yule ndege mdogo wa kahawia ambaye jina lake la kitaalamu, *Cisticola njombe*, limetokana na Njombe. Sikumwona vizuri, na sitajifanya nilimwona.

Mara tatu nilipiga kelele bure kwa kuwaona mbayuwayu waliohamia kutoka Ulaya. "Tazama tumbo, kaka," kijana alinirekebisha kwa upole. "Huyo ni mweupe chini. Wetu hana weupe unaouona akiruka." Mbayuwayu buluu huja nyanda hizi kuzaliana wakati wa mvua, kisha hurudi kaskazini, upande wa Ziwa Victoria, baridi inapokaribia. Hajengi kwenye dari ya nyumba: hubandika kikombe chake cha udongo na nyasi ndani ya shimo ardhini, mara nyingi shimo lililoachwa na muhanga, mnyama mchimbaji anayekula mchwa. Hicho ndicho kinachomponza, kwa sababu anahitaji uwanda wazi wa nyasi, na uwanda huo ukigeuzwa shamba la viazi au ukipandwa paini, hana pa kwenda. Nadhani tunaosifu maua ya Kitulo tungeanza kwa kuzisifu nyasi zake.

Tulilala kifudifudi mbali na shimo moja, kwa kuwa kijana alikataa katakata tusogee. Mvua ikanyesha, ikakatika. Karibu saa saba akaja dume, mweusi kwa mbali, lakini jua lilipompiga mgongoni akageuka buluu ya chuma kilichopitishwa motoni, na nyuma yake manyoya mawili ya mkia, membamba kama nyuzi, yakikata hewa. Akaingia shimoni na wadudu mdomoni, akatoka mtupu, akapita juu yetu chini sana nikasikia bawa. Alirudi mara nne, na safari ya tatu jike alikuwa naye, mwenye mkia mfupi zaidi.

Safari ya tano sikuiona, maana kioo cha darubini ya watu kilikuwa kimeingia mvuke ndani, nami nikabaki nikikifuta kwa nje huku kijana akicheka.