Siku moja maishani mwetu: chumba cha kamera ya mapafu, Dodoma

Saa 1:00 asubuhi
Kamera yetu ni mrija mwembamba unaopitishwa kooni hadi kwenye njia za hewa za mapafu. Kabla ya vifaa, tumbo. "Shikamoo mzee, umekula?" Jibu huwa "sijala", kumbe kwenye basi la alfajiri kutoka Kondoa alikunywa chai ya maziwa. Kwa hiyo tunauliza: "Umekunywa nini, saa ngapi?" Chakula, uji na maziwa viwe vimekoma masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2. Koo likishatiwa ganzi, kinachopanda kutoka tumboni kinashukia mapafuni. Dawa za kuzuia damu kuganda nazo: klopidogreli isimamishwe siku 7 kabla, warfarini siku 5. Aspirini peke yake haituzuii.

Saa 2:00
Mafaili. Mengi yanafanana: kikohozi, dozi ya TB ya miezi 6 iliyoanzishwa bila vimelea kuonekana kwenye makohozi, uzito unashuka, na kivuli kwenye eksirei kiko palepale. Miezi hiyo inatuuma sana, maana huenda kivuli ni uvimbe, si TB. Wenzetu mnaotibu TB, mwezi wa pili ukiisha kivuli hakijapungua, na makohozi hayana kitu, mleteni. Mleteni pia mwenye mluzi wa kifua upande mmoja tu usiosikia dawa ya pumu, na aliyekaukiwa sauti zaidi ya wiki 3: mshipa wa fahamu wa sauti upande wa kushoto hupita kifuani, uvimbe huweza kuubana. Aliyevimba uso na mishipa ya shingo halazwi chali. Anakaa ameinuliwa kichwa, na daktari anaitwa sasa hivi.

Saa 3:30
Kamera. CT skani imeshatuambia tuelekee tawi lipi la njia ya hewa. Lidokeini, dawa ya ganzi, haizidi miligramu 8 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 50 ni miligramu 400, yaani mililita 20 za dawa ya asilimia 2, pamoja na ile ya kupuliza kooni. Sista anaandika kila mililita, kwa sababu ikizidi huanza kelele masikioni na kuishia degedege.

Tunakagua upande mzima kwanza, kisha ule mgonjwa. Uvimbe ulio kwenye matawi makubwa mara nyingi umefunikwa na utando mweupe uliokufa. Ukikata juujuu, majibu yanarudi "nyama iliyooza" na mgonjwa anarudia safari yote. Tunang'ata kwa koleo dogo palepale, ndani zaidi, vipande 5 au zaidi. Kitu cha mviringo, laini, chekundu, hiyo huenda ni kasinoidi, aina ya uvimbe, nayo huvuja damu sana. Maji baridi ya chumvi na adrenalini, vya kuzuia damu, vinakaa mkononi kabla ya kugusa. Damu ikizidi, mgonjwa analazwa kwa ubavu unaovuja ili pafu zima libaki juu.

Saa 6:00 mchana
Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kinyama kinaingia kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya nyama, si kwenye maji ya dripu. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Sampuli ya TB inakwenda chupa safi isiyo na formalini, kwani formalini huua vimelea na kuotesha kunashindikana.

Saa 8:00
Majibu ya awali. Saratani ya seli ndogo, aina mojawapo ya saratani ya mapafu, husambaa haraka mno. Tunapiga simu siku hiyohiyo. Anayekwenda kwenye mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tunamkabidhi ripoti, CD ya CT na vioo vya patholojia (vyenye kinyama kilichopimwa kwa darubini), asije akakatwa tena.

Saa 10:00 alasiri
Kuosha. Kamera inapimwa kama inavuja, mfereji wake unapigwa brashi, inalowekwa kwenye dawa, inasuuzwa, kisha inaning'inizwa wima ikauke. Maji yakibaki mle ndani, vimelea vya leo vinaingia kwenye sampuli ya kesho, na mtu mwenye uvimbe anaanzishiwa dozi nyingine ya TB.