Kartoni ya George

Juzi binti yangu alikuwa anatafuta kartoni ya kazi ya shule. Akapekua nyuma ya kabati, akatoka na ile yangu, imejaa vumbi, rangi nyeusi ya herufi imeanza kubanduka. Akasoma polepole: GEORGE.

"Papa, huyu George ni nani yetu?"

Nikakaa kitandani. Swali hilo niliwahi kuulizwa na mtu mwenye fimbo.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni 2020. Mnaukumbuka wakati ule: barakoa, mpaka umefungwa, watu zaidi ya 20 hawaruhusiwi kukusanyika. Tarehe 21 Mei, kule Beni, mashariki mwa Kongo, polisi walimpiga risasi Freddy Kambale wa LUCHA, vuguvugu la vijana, akiandamana kudai usalama. Siku nne baadaye, Minneapolis, polisi akaweka goti shingoni mwa George Floyd kwa zaidi ya dakika 9. Kwenye simu zetu vifo hivyo vilifika kama habari moja.

Dada mmoja kati yetu wanaharakati wa Goma alikataa tuviunganishe. Kule mweupe anaua mweusi, alisema, hapa mweusi anaua mweusi. Tukichanganya tutampoteza wetu. Mimi nikamkumbusha habari ya babu yangu. Enzi za Wabelgiji alichapwa kiboko na askari wa Force Publique, jeshi la wakoloni, mweusi kama yeye, huku mzungu amesimama kando akihesabu. Mkono ulikuwa mweusi, amri haikuwa. Mabishano yalikwenda hadi usiku. Tukaandika kartoni mbili.

Tulikaa kando ya barabara, juu ya mawe ya volkano ya 2002, kila mmoja mbali kidogo na mwenzake, kimya kwa dakika 9. Kukaa tulikuwa tumejifunza: polisi wakifika, kaa chini, inua mikono, usijibu. Goma si rahisi hivyo. Kila unapoweka kiganja kuna jiwe.

Dakika ya tano akaja askari mmoja, kwa miguu. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa nailoni. Akaanza kutuhesabu, akimnyooshea kila mmoja fimbo: moja, mbili, tatu. Ilipofika kwangu nilisikia baridi shingoni. Kumi na nane. Akarudia kuhesabu. Kumi na nane.

Akasogea kwenye kartoni yangu.

"Freddy niko namujua. Huyu George ni ndugu yenu?"

"Ndiyo, shefu."

"Ndugu kwa nani?"

Habari ya babu, Force Publique, yote niliyosema usiku ule ilinitoka kichwani. Nikajibu kilichobaki: "Alipokuwa anakufa aliita mama yake, shefu."

Hakusema kitu. Aliishusha fimbo, akabaki amesimama pale, anaiangalia kartoni, midomo ikicheza kidogo chini ya barakoa iliyoteleza. Mwenzetu aliyeshika saa alinong'ona: sita. Saba. Mwanamke mwenye beseni la ndizi akasimama naye. Kwa dakika hizo mbili, naapa, tulikuwa ishirini.

Kisha gari likaja, wenzake wakaruka chini, na fimbo ya kwanza kuinuliwa ilikuwa yake.

Mengine mnayajua. Kasho la polisi, usiku bila maji, mama yangu asubuhi mlangoni na pesa alizokopa kwa majirani. Kartoni ya Freddy ilikwenda na gari, hatukuiona tena. Ya George niliilalia walipokuwa wakinipiga, ndiyo maana ninayo. Mara nyingi nayafikiria maneno ya yule dada. Na yule askari, hadi leo sijui nimuweke wapi.

Binti alikuwa bado amesimama, anangoja. Nikamwambia George aliishi Marekani, polisi walimuua, na alipokuwa anakufa aliita mama yake.

"Na mama yake alikuya?"