Ukoko wa Chumvi

Juzi binti yangu aliingia stoo kutafuta ndoo, akatoka analamba kidole, akaniuliza kwa nini lile tangi la kioo lina chumvi ukingoni ilhali sisi tunakaa Kigoma, kando ya ziwa lisilo na chumvi. Nilimjibu kwa kifupi, lakini usiku kucha nilikuwa nakumbuka Agosti ya mwaka 2009.

Tangi lile nilifugia samaki wa baharini, na maji yake ya bahari yalitoka Dar es Salaam kwa treni, madumu manne ya lita 20. Matatu yalijaza tangi, la nne nikaliweka akiba. Nilingoja majuma sita nikidondosha chembe za chakula kila siku zioze na kukuza bakteria, kwa kuwa tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki, kuwa naitriti na hatimaye naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Ndipo wakaja kwa ndege samaki wangu wawili wa kahawia, wenye mapande mawili meupe ubavuni.

Kiangazi kile upepo wa ziwani ulipita sebuleni mchana kutwa, na maji yakapungua karibu lita moja kila siku. Kila asubuhi niliongezea kutoka dumu la akiba hadi kwenye mstari niliouchora kiooni, nikiamini kwamba maji ya bahari yakipungua hujazwa kwa maji ya bahari. Baada ya majuma matatu hivi, dumu likiwa karibu tupu, samaki mmoja alijibanza kwenye kona, mapezi yamekunjwa, akipumua haraka haraka.

Siku hiyo bibi yangu alifika kutoka Uvinza, ambako ujanani mwake alikuwa akichemsha maji ya chemchemi za chumvi. Alisimama mbele ya tangi kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akapitisha kidole juu ya ukingo wa kioo, penye ukoko mweupe ambao mimi nilidhani ni vumbi, akakilamba. Akachovya kidole kilekile majini, akaonja tena, akafumba macho.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "bahari sijaiona, lakini hapa wewe unapika chumvi. Mvuke huondoka na maji tu, chumvi inabaki chunguni. Nawe kila siku unaitilia nyingine juu yake."

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Karibu dumu zima la akiba lilikuwa limeacha chumvi yake yote, karibu gramu 700, ndani ya tangi la lita 60.

Kwa siku tano tulichota maji ya tangi kikombe kwa kikombe na kurudishia ya ziwa, taratibu, kwa sababu chumvi ikishuka ghafla nayo huumiza. Bibi ndiye aliyekuwa akionja. Yule wa kwenye kona alikufa siku ya pili. Mwenzake aliishi mwaka mmoja na zaidi, nami nikawa naongezea maji ya ziwa peke yake.

Binti yangu alisikiliza yote, kisha akauliza: "Baba, mbona hukumuuliza bibi kabla hujaanza?"

Sijamjibu mpaka leo. Treni itokayo Dar es Salaam husimama Uvinza kabla ya kufika Kigoma, na madumu yangu yalipita pale.