CG ya baba mdogo, kabureta, taa na sindano ya kujazia mpira

Kwanza mi sio fundi, mjue hilo kabisa. Mi ni karani, kazi yangu mafaili, na hii pikipiki, Honda CG 125, niliachiwa na baba mdogo alipostaafu ubwana shamba, baada ya kuipandisha na kuishusha milima ya Mgeta miaka mingi tu. Vijana wa kijiweni kwetu hapa Morogoro wanaiita bibi. Sawa, lakini bibi huyo ndo kazaa hizo wanazopanda wao, maana CG ilianza kutoka 1976 na michina mingi ya 125 na 150 injini yake ni nakala ya hiyo hiyo, ndo maana spea za pikipiki za Kichina kama SanLG au T-Better nyingi zinaingia kwangu bila ugomvi. Nikiwaambia hivyo wanacheka.

Sasa mwaka jana nilipelekwa kikazi mbali, kama miezi minne, nikaifunika turubai nyuma ya nyumba nikaenda zangu. Petroli kwenye tenki, koki ya mafuta wazi, sikufunga kitu. Narudi, napiga kiki, kimya. Napiga tena, kimya, jasho linatoka. Navuta choki, inawaka! Narudisha choki, inazima. Yaani ukitaka itembee lazima utembee na choki, inakohoa kama mzee wa sigara kali, na ukiachia mafuta kwenye sailensi, yaani ule mlio wa chini ikiwa imesimama, haikai hata sekunde tatu.

Fundi wa kwanza hata hakuishika. Aliisikiliza tu akiwa amekaa kwenye benchi na chai yake, akasema ringi za pistoni zimeisha, tupige boring, yaani kuchonga silinda upya, laki na nusu hivi na pistoni juu. Wa pili akasema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imekufa, ninunue mpya, elfu arobaini na tano. Nikamuuliza imekufaje, akanijibu "mzee, vitu vya zamani huwa vinakufa tu." Hilo jibu ndo lilinikera mpaka nikaamua naifungua mwenyewe.

Maana hebu fikiria, ringi zikiisha moshi wa bluu uko wapi? Halafu kiki yangu ukiikanyaga vibaya inakurudisha juu, hiyo ni kompresheni ya injini iliyochoka? Na choki kazi yake ni kubana hewa ili mafuta yawe mengi. Kama inaishi kwa choki tu maana yake mafuta hayafiki ya kutosha, basi kuna mahali pameziba. Petroli ikikaa muda inakauka na kuacha utando kama gundi, rangi ya asali, na kitundu cha kwanza kuziba ni cha jeti ndogo, kijiskrubu chenye tundu kinacholisha mafuta ya sailensi, kitundu chenyewe chembamba kama unywele.

Nikaitoa. Kuitoa si kazi, nati mbili na mipira. Bakuli la chini nilipolifungua, jamani, kulikuwa na matope, kutu ya tenki, na maji kidogo. Jeti ndogo nikaielekeza kwenye jua, giza. Hapo moyo ukanenepa, nikajiona fundi mkuu, nikaingia ndani nikachukua sindano ya cherehani ya mke wangu nikaizibua.

Msifanye hivyo. Nasema tena msifanye. Jeti ni shaba laini, sindano ni chuma, nikizungusha naona kitu kinaingia vizuri nafurahi kumbe napanua tundu. Nikafunga, ikawaka bila choki, nikatamba mtaa mzima, siku mbili baadaye plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini, nyeusi kama mkaa, harufu ya petroli mpaka kwenye nguo, na lita moja nilikuwa naiona inavyoisha. Ikabidi ninunue jeti nyingine, elfu tatu au nne sikumbuki vizuri, na sindano ya cherehani nayo ilivunjika ncha, hiyo bei yake siitaji hapa.

Ila jeti mpya peke yake haikutosha, kwa sababu njia za ndani ya mwili wa kabureta nazo zilikuwa na utando. Kuna spirei za kusafishia, mi sikununua. Nikakamua ndimu saba hivi, nikaongeza maji, nikatia kabureta tupu (mipira yote na boya nimeshatoa) kwenye sufuria juu ya mkaa, moto mdogo. Utando ukaanza kutoka wenyewe. Usiiache muda mrefu, ndimu inakula ile aluminiamu, dakika kumi kumi na tano inatosha halafu suuza sana kwa maji safi na uikaushe haswa. Sufuria lilikuwa la mama, alikuja kututembelea wiki hiyo hiyo kwa bahati yangu mbaya. Alifunua kifuniko akidhani mboga.

Sasa utamu ndo huu. Upepo wa kupuliza zile njia. Kompresa sina, na mdomo hautoshi, nimeshajaribu nikameza petroli. Nikaona watoto wanajaza mpira wao kwa pampu ya baiskeli na ile sindano ya kujazia mpira. Nikasimama kabisa. Ile sindano ncha yake inaingia kwenye vitundu vya kabureta kama vilizaliwa pamoja! Nikaiazima kwao, mmoja wao akawa anapiga pampu mi nashika sindano kwenye kila njia, unaweka kidole upande wa pili unasikia upepo unavyotoka. Njia moja iligoma, ile inayotokea karibu kabisa na silaidi, ile pistoni ndogo ya kabureta, tukapiga, tukapiga, ghafla puu, kitu kama punje ya mchanga kikanirukia kwenye shati. Mtoto akapiga kelele goli! Nami nikapiga kelele.

Na kwa jeti yenyewe tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, ule wa nyuzi nyingi, ni laini hauchubui.

Kufunga. Hapa ndo nilifanya kituko. Ile silaidi, yaani pistoni ya kabureta inayopanda na kushuka ukivuta mafuta, ina mfereji pembeni unaotakiwa ukae kwenye kijipini, na ule upande uliokatwa mshazari unaangalia kwenye hewa klina, yaani chujio la hewa. Mi nikaiweka kinyume, ikagoma kushuka mpaka chini, nikaona ah, si imeingia, nikakaza kifuniko. Nikapiga kiki moja tu. Ikawaka kwa kishindo ikapanda mpaka mwisho, mlio kama inataka kuruka ukuta, kuku wote juu ya bati, jirani katoka na taulo, mi nazungusha mkono wa mafuta kurudisha haurudi kitu! Nikapaniki nikashika kofia ya plagi niichomoe. Shoti niliyopigwa sitaisahau, nilikaa chini bila kupanga. Funguo ilikuwa pale pale mbele yangu, kuizungusha tu inazima. Jirani ndo aliizungusha.

Baada ya kugeuza silaidi ikakaa. Skrubu ya hewa nikaifunga taratibu mpaka mwisho halafu nikairudisha nyuma mzunguko mmoja na nusu kwenda mbili, injini ikiwa ya moto, unasikiliza pale inapopanda mlio vizuri ndo unaiacha, kisha sailensi unaishusha kwa ile skrubu nyingine. Kabla sijaifunga nilijaribu pia valvu ya boya, ile inayofunga mafuta bakuli likijaa, unageuza kabureta juu chini, unapuliza mpira wa mafuta, upepo usipite. Ukipita itakumwagia mafuta usiku kucha. Na nikaweka filta ya mafuta, ile ya plastiki ya bei ya soda, kati ya koki na kabureta, maana tenki la mzee huyu lina kutu na mafuta ya chupa ya njiani hayaeleweki, miaka ile ya 2010 neno uchakachuaji lilipokuwa mdomoni mwa kila mtu baba mdogo alikuwa anayachuja kwa kitambaa. Nilipopanda nayo Mgeta plagi ikawa nyeusi kidogo, kule juu hewa ni nyepesi, nikapandisha klipu ya sindano ya kabureta, ile inayoning'inia chini ya silaidi, ngazi moja ili mafuta yapungue, basi.

Tuje kwenye taa. Taa ya mbele ilikuwa na wazimu wake. Balbu inaungua. Naweka ya 35/35, yaani wati 35 fulu na 35 dimu, natoka Mlali usiku, nikivuta kwenye mteremko inang'aa kama ya lori halafu pap, giza. Nikaweka nyingine, wiki moja, pap. Kijana wa duka la spea akanishauri niweke kubwa ya 60/55 "haitaungua hiyo mzee". Kweli haikuungua, ila ilikuwa nyekundu kama kibatari. Kwenye pikipiki yangu taa kubwa haili betri, inakula moja kwa moja kwenye koili ya injini, ndo maana injini ikizima nayo inazima, na koili ile haina nguvu ya kulisha wati 60. Mwingine akaniuzia LED, nayo ikawa inapepesa kama disko kwa sababu umeme wa pale ni wa kwenda na kurudi, si kama wa betri. Hapo elfu ishirini na kitu imeshaondoka kwenye taa tu.

Kilichonifungua macho ni indiketa. Usiku mmoja nimewasha indiketa nikaona taa ya dashibodi nayo inakonyeza pamoja nayo. Nikashika breki, dashibodi ikafifia. Umeme ukianza kuzurura hivyo, unatafuta njia ya kurudi, yaani ethi, ile njia ya kurudishia umeme kwenye fremu, ni mbovu. Honda waya wa ethi ni wa kijani, nikaufuata kutoka kwenye regulita, kile kidude cha kubana volti zisipande, mpaka kwenye bolti ya fremu chini ya siti. Nikafungua bolti. Rangi! Nyeusi, nzuri, inang'aa, chini ya kile kipete cha waya na juu ya fremu. Na aliyepaka rangi hiyo fremu ni nani? Ni mimi, mwaka wa juzi yake, nilitaka ipendeze kwenye harusi ya mdogo wangu, nikapiga rangi nikarudisha bolti juu ya rangi. Regulita bila ethi haiwezi kubana umeme, ukivuta mafuta volti zinapanda zinakwenda kuua balbu. Yaani nimelaani mafundi, nimelaani balbu za Kichina, kumbe mchawi ni mimi na brashi yangu.

Msasa, fremu ikaonekana chuma cheupe, nikakaza, nikapaka grisi juu isishike kutu. Nikarudisha balbu ya 35/35 na mpaka leo ni ile ile.

Ikabaki kidudu kimoja, nikikata kona kushoto taa inazima, nikinyoosha inarudi. Hii nilishaijua kwa kusikia, ni waya zilizokatika pale shingoni panapopinda kila siku. Ganda la nje linakuwa zima, shaba ndani imekufa, kwa macho huoni. Shika waya mmoja mmoja uvute kidogo, ulio mzima unakataa, uliokatika unavutika kama mpira. Wangu ulikuwa wa fulu na wa dimu yote miwili. Nikaunga kwa waya mpya mrefu zaidi kidogo ili shingo ikipinda usikazwe, soda, yaani risasi ya kuungia waya, nikachoma kwa msumari wa moto, haikupendeza lakini haijatoka.

Yule fundi wa boring alinikuta Msamvu juzi, akaisikiliza tena, akauliza nimepigia wapi boring. Nikamwambia sijapiga. Akatikisa kichwa akasema haitafika Krismasi. Watoto wa mpira nao wananidai, sindano yao bado iko kwenye boksi langu la spana, kila jioni wanakuja getini na mpira umelegea, nimeshawapa hela wanunue nyingine mara mbili na bado wanataka ile ile.