Siku moja maishani mwangu: jikoni kwa Wayahudi, London

Saa 12 asubuhi. Giza la Desemba bado limetanda, nami nasubiri mlango ufunguliwe. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, mwaka wa sita sasa nipo katika jiko la kosheri, yaani la chakula kinachoruhusiwa na dini ya Kiyahudi. Napika, ila moto siwashi. Anayewasha ni mashigiahi, msimamizi wa sheria zao za chakula, na funguo anazo yeye.

Saa 1, mayai 120. Napasua moja moja kwenye bilauri na kulitazama. Lenye tone la damu natupa.

Saa 2, saladi. Majani yanarowekwa kwenye maji ya sabuni, yanasuuzwa, kisha kila jani nalilaza juu ya boksi la taa. Mdudu ninayemsaka ni kama nukta, tena rangi yake ni ya jani lenyewe. Macho huwaka moto. Watu wanadhani ni kazi ya kitoto.

Saa 4 nyama ikafika, kilo 18. Kwao nyama iliyosafirishwa na mtu asiye Myahudi lazima iwe na lakiri mbili. Boksi lilikuwa na moja. Ya pili imechanika. Dereva, Mkenya mwenzangu, akaja juu: "Dada, si nyama ileile ya kila Ijumaa? Na wewe hata si wa dini yao!" Nikamwambia, "Ndugu yangu, watakaokula ni wazee 80 wasioingia humu jikoni." Msimamizi akapiga simu buchani, akangoja, akapiga tena. Saa nzima ikapita. Hakupata jibu la kumtosha. Akasema shaka ikiingia katika amri ya Torati, wanakaza. Ikiwa ni agizo la marabi tu, walimu wao wa dini, hapo wanaweza kulegeza. Nyama ikarudi. Nikamkumbuka bibi yangu na hadithi ya Mtume: acha kinachokutia shaka.

Tukaanza upya na samaki aina ya samoni, ambaye rangi ya mnofu humtambulisha hata bila magamba, alama ya samaki anayeruhusiwa kwao. Sabato inaingia kabla ya saa 10, na ikiingia hakuna kupika! Miguu imevimba, mgongo unauma, sufuria zinachemka. Katikati ya mbio nikaokota kijiko chini ya meza, utepe wa rangi umebanduka. Kwao vyombo vya nyama na vya maziwa havichanganywi: hiki ni cha nyama au cha maziwa? Hakuna aliyejua.

Saa 9 vyombo vikaondoka vimejaa. Kijiko tumekifunga kwenye karatasi, kipo rafuni, kinangoja Jumapili.