Resista ya waya wa loki za milango: pima swichi yako, usikisie

Kwenye magari mengi, Chrysler, Dodge na Jeep nyingi za miaka ya 2000 zikiwemo, swichi ya loki ya mlango haina waya wa kufunga na mwingine wa kufungua. Ina waya mmoja wa ishara unaokwenda kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayoendesha loki. Boksi hupeleka volti kwenye waya huo, mara nyingi volti 5, kupitia resista (kipande kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu) iliyomo ndani yake. Ukibonyeza swichi, waya unaunganishwa na ethi (upande hasi, yaani bodi ya gari) kupitia resista iliyomo ndani ya swichi: kufunga kuna yake, kufungua kuna yake. Boksi linasoma volti zimeshuka hadi wapi, kisha lenyewe ndilo linaloendesha mota.

Anayefunga alamu au rimoti mpya anapaswa kuliiga lile swichi inalolifanya. Ukipeleka ethi tupu kwenye waya huo, boksi linaona volti 0 na kwa kawaida halifanyi lolote. Ukiweka resista uliyoiona kwenye gari la mwenzako, milango inaweza kufunguka ulipotaka ifungwe, au ikakubali leo na kukataa kesho. Swichi ya gari lako ndiyo yenye jibu.

Kabla ya yote, hakikisha uko kwenye waya wa ishara. Waya wa mota hupitisha ampea kadhaa, na resista ndogo hapo itaungua. Tumia mita ya dijitali, wala usitumie taa ya majaribio: balbu yake ina omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache, na ukiigusisha ni sawa na kubonyeza swichi isiyojulikana. Washa swichi ya ufunguo wa gari kwanza, kwa sababu boksi likilala waya unaweza kusoma 0. Ukiona volti zinazotulia, zinazoshuka hadi kiwango kimoja ukifunga na kingine ukifungua, uko mahali sahihi. Zikirukaruka bila kutulia, huenda waya huo unabeba data, na hapo resista haitasaidia. Tafuta moduli ya data ya gari hilo. Magari mengine hugeuza mambo: swichi huunganisha waya na chanya kupitia resista. Kipimo kilekile kitakuonyesha, maana volti zitapanda badala ya kushuka.

Sasa chomoa soketi ya swichi. Omu hazipimwi kwenye waya wenye umeme. Mita itakupa namba ya uongo. Weka ncha moja kwenye pini ya ishara na nyingine kwenye pini ya ethi ya swichi yenyewe, kisha bonyeza kufunga mara kadhaa, na kufungua mara kadhaa. Swichi nzee huwa na kutu kwenye migusano, na kutu huongeza makumi ya omu. Ukisoma 471, 520, 473, 498, thamani ya kweli ni 470. Chukua namba ya chini inayojirudia, usichukue wastani. Kama swichi ina kitaa cha usiku kinachovuruga kipimo, geuza ncha za mita upime tena, au linganisha na swichi ya mlango wa abiria.

Ikiwa swichi haitoki kirahisi, volti zinatosha. Tuseme waya ukiwa huru unasoma 5.0. Unganisha resista ya omu 1,000 kati ya waya na ethi, upime tena. Ukipata 2.5, resista ya ndani ya boksi ni omu 1,000, kwa sababu volti zimegawanyika nusu kwa nusu. Kisha bonyeza kufunga: ukipata 1.6, zidisha 1,000 kwa 1.6, ugawanye kwa 3.4 (yaani 5.0 toa 1.6). Jibu ni 470. Kufungua ukipata 3.0, hesabu ni 1,000 mara 3.0 gawanya kwa 2.0, yaani 1,500.

Na swichi ikiwa imekufa kabisa? Chukua volyumu (resista ya kuzungusha) ya omu 5,000, iunganishe kwa mfululizo na resista ya omu 100 kwenye waya wa ishara, uanzie kwenye omu nyingi kabisa. Gusisha ethi mara moja, punguza kidogo, gusisha tena. Andika omu ambapo milango inaanza kuitikia na pale inapoacha. Boksi hukubali eneo, si nukta moja, na resista yako inapaswa kukaa katikati ya eneo hilo. Ukiiweka ukingoni, joto au kutu kidogo tu vitaisukuma nje.

Resista ya robo wati inatosha kabisa. Nguvu inayopita hapo ni sehemu ndogo ya wati. Usahihi wa asilimia 5 hufaa mara nyingi, ila thamani mbili zikikaribiana nunua za asilimia 1. Ya 470 ina rangi za njano, zambarau, kahawia, kisha dhahabu. Ya 1,500 ni kahawia, kijani, nyekundu, dhahabu. Usipopata thamani kamili, unganisha mbili: 470 na 150 kwa mfululizo ni 620, 470 na 2,200 sambamba ni kama 387, inayofaa mahali pa 390. Pima kila moja kwa mita kabla ya kuichoma risasi.

Kosa linalosumbua wengi liko kwenye alamu yenyewe. Alamu nyingi zina nyaya mbili za loki ambazo, mmoja ukitoa ethi, mwingine hutoa chanya kwa wakati uleule. Ukizileta zote kwenye waya mmoja wa ishara, unaingiza volti 12 mahali pa volti 5. Wengine huzuia kwa diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, lakini diodi hubakiza karibu volti 0.6: ile 1.6 yetu inakuwa 2.0, na boksi linaweza kukataa. Napendelea rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, bila kusita. Pini 86 kwenye chanya yenye fyuzi, 85 kwenye waya wa alamu, 87 kwenye ethi, 30 kwenye resista kisha waya wa ishara. Pini 87a iache tupu. Rilei moja ni ya kufunga na resista yake, ya pili ni ya kufungua na yake.

Ethi iwe kwenye chuma kisicho na rangi, karibu na ethi ya boksi, mbali na bolti inayobeba mzigo mkubwa. Resista ziwe upande wa alamu, ndani ya kimirija kinachosinyaa kwa moto. Zikiwekwa kwenye mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi zitakatika kwa kukunjwakunjwa. Muda wa kubonyeza, sekunde 0.8 hutosha magari mengi. Kama mlango wa dereva tu ndio unaofunguka, usiguse resista: gari hilo linataka kubonyezwa mara mbili, na hilo hupangwa kwenye alamu.