Kipande namba 14

"Mwanangu, vumbi la Dodoma limekwisha mpaka ulifuate China?"

Mama alinicheka hivyo kwenye simu nilipomweleza kazi niliyopewa na msimamizi wangu: kwenda Luochuan, mkoani Shaanxi, kukata vipande vya udongo kwenye ukuta wa korongo. Nilikosa jibu siku ile. Jibu lenyewe ni kwamba vumbi la kwetu linakuja na kuondoka, la kule lilikuja likakaa. Kwa miaka kama milioni 2.6 upepo mkavu umekuwa ukilisomba kutoka majangwa ya kaskazini na magharibi na kulimwaga palepale, hadi Luochuan limefikia unene wa zaidi ya mita 130. Wachina wanauita huangtu, udongo wa manjano. Wanajiolojia wanauita loesi.

Ukisimama chini ya ukuta huo unaona mistari kama ya kanga iliyopauka. Tabaka za manjano ni za enzi za barafu: baridi, ukavu, vumbi jingi. Tabaka nyekundu ni za vipindi vya joto, vumbi lilipopungua, mvua ikaongezeka, nyasi na minyoo wakapata muda wa kuligeuza kuwa udongo wa shamba. Za manjano zimepewa herufi L na namba, nyekundu herufi S. Mtu wa pwani aliyezoea kaskazi na kusi ataelewa upesi, maana kule nako kuna pepo mbili zinazopokezana: wa baridi unaotoka Siberia na wa kiangazi unaoleta mvua kutoka baharini. Ukuta mzima ni kumbukumbu ya upi ulishinda lini.

Mimi nilitakiwa kuitafuta L8. Humo ndimo, kwa loesi ya China, unapokutwa mpaka wa Brunhes na Matuyama, yaani mahali uga wa sumaku wa Dunia ulipogeuka mara ya mwisho, takriban miaka 773,000 iliyopita. Kabla ya hapo sindano ya dira ingeelekea kusini. Bernard Brunhes aliona miamba yenye sumaku ya kinyume huko Ufaransa mwaka 1906, Motonori Matuyama akalifuatilia jambo hilo Japani na jirani zake na kuliandika mwaka 1929. Kwenye ukuta wa Luochuan wenyewe, Friedrich Heller na Liu Tungsheng walichapisha vipimo vyao mwaka 1982, na tangu hapo kila mwanafunzi wa fani hii anapita pale kama anayekwenda kusalimia wazee.

Kuipata tabaka hakukunisumbua. Unaanza na S5, nene, yenye mikanda mitatu myekundu ambayo huwezi kuikosa hata ukiwa na usingizi. Ukishuka unahesabu. Ukijikuta kwenye L9, iliyopauka na yenye chembe kubwa za kukwaruza vidole, ujue umeshapitiliza.

Kilichonitoa jasho ni kukata. Kwanza unachimba ndani ya ukuta mpaka uufikie udongo ambao jua na mizizi havijauchezea. Kisha unasawazisha uso wa juu wa kipande kwa kisu, unaweka dira, unachora mshale wa kaskazini, ndipo unakikata na kukifunga. Simu na nyundo vinakaa mbali. Mara moja niliacha simu mfukoni na mishale mitatu ikapinda, nikairudia yote. Shixiong wangu, ndivyo tunavyomwita kaka aliyetutangulia kwa mwalimu mmoja, alikuwa juu yangu kwenye ngazi tulizochonga, akinidondoshea vumbi kichwani huku akiniambia niharakishe, mvua inakuja. Niliharakisha. Kumbukeni hilo.

Maabara tulivikata vipande kuwa vidonge vya mraba vya sentimita 2. Loesi ikipashwa moto inapasuka, kwa hiyo tulivinywesha sodiamu silikati vikakakamaa. Halafu ni jiko na magnetomita, yaani kipima-sumaku, ndani ya chumba kilichokingwa na sumaku ya nje: pasha, pooza, pima, pasha tena kwa joto la juu zaidi.

Awamu ya kwanza iliniliza. Nilipasha hadi digrii 150, nikapima, na kila kidonge kikaniambia kaskazini, chini. Kwa latitudo ya Luochuan sindano inatarajiwa kuinamia ardhini kwa digrii kama 55, na vyangu vyote viliangukia huko huko, hata vya chini ya L8 ambavyo, kwa kuwa ni vya kabla ya mgeuko, vilipaswa kutazama juu. Nilidhani nimehesabu tabaka vibaya.

Msimamizi wangu alitazama michoro dakika moja. "Unasoma leo," akasema. "Bado hujasoma zamani." Chembe za madini ya chuma hazina uaminifu sawa. Baadhi zinashika mwelekeo wa siku zile na hazibanduki mpaka karibu digrii 580, ambapo magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, hupoteza sumaku yake. Nyingine ni dhaifu: zimekaa kwenye uga wa sasa kwa maelfu ya miaka, zikaufuata. Sumaku hii changa inailalia ile ya kale kama vumbi juu ya meza, na kwa loesi inahitaji digrii 250 hadi 300 kuondoka. Nikarudi jikoni. Ukipita 300, vidonge vya chini vilianza kugeuka, kimoja kimoja, mpaka vikatazama juu na kusini.

Kisha kikaja kipande namba 14. Kilitoka juu kabisa ya L8, katikati ya majirani walioelekea kaskazini, nacho kilikuwa cha kinyume, safi, bila hata kuyumba. Nikamwandikia shixiong saa sita usiku. Mgeuko mfupi wa uga kabla ya ule mkubwa kutulia! Nilishaanza kuchora mchoro wa tasnifu kichwani.

Kesho yake alinijibu kwa swali moja: sumaku changa ya kipande hicho inaelekea wapi?

Nilifungua vipimo vya joto la chini, vile nilivyokuwa navifuta kama uchafu. Katika kila kipande kizuri, hata vile vya kinyume, sumaku changa ilielekea kaskazini na chini, kwa sababu ni ya uga wa leo. Ya namba 14 ilitazama juu. Uga wa leo hautazami juu Shaanxi. Nikatafuta picha ya korongoni: tundu la mzizi lililokuwa upande wa juu wa kipande, kwangu lilikuwa chini. Nilikitia mshale kikiwa kimepinduliwa, siku ya mvua, kwa haraka zangu mwenyewe. Tangu hapo silifuti joto la chini. Ndilo shahidi pekee anayejua juu ni wapi.

Upande wa hali ya hewa ulikwenda kwa upole zaidi. Tulipima wepesi wa udongo kupokea usumaku, na tabaka nyekundu zikapanda juu sana kuliko za manjano, maana mvua na joto huzaa ndani ya udongo chembe ndogo mno za magnetaiti na ndugu yake maghemaiti. Nawaonya wenzangu wasilibebe hili kila mahali. Alaska na Siberia mambo ni kinyume: huko loesi ndiyo yenye thamani za juu, kwa kuwa upepo mkali wa enzi za barafu ulibeba chembe nzito za chuma.

Lililobaki kunikera ni kwamba kwenye mashapo ya bahari mgeuko wa uga uko ndani ya kipindi cha joto, na kwangu uko ndani ya L8, tabaka ya baridi. Uga haukugeuka mara mbili. Watafiti Zhou na Shackleton waliandika mwaka 1999 kwamba loesi hupotosha mahali pa mpaka, kwa kuwa sumaku hufungika baadaye, udongo ukiwa tayari umefunikwa. Naegemea upande wao, ila vipande vyangu vilikuwa vya kila sentimita 10, vichache mno kunipa ubavu wa kubishana.

Kwa hiyo Oktoba tulirudi, sentimita 5 kwa 5. Luochuan ni nchi ya matofaa na ilikuwa mavuno. Bibi mwenye shamba la juu ya korongo alituletea kikapu, akamwuliza shixiong kama hatimaye tumepata dhahabu. Mimi nilikuwa nachonga alama kwenye kipande: mshale mwekundu juu, na pembeni mkato wa kisu, kwa ajili ya siku ambayo wino utafutika.